Risasi Haijatupa Usalama: Hotuba kwa Wakazi wa Mathare kuhusu Mageuzi ya Polisi

Hotuba hii ilisomwa mbele ya wakazi wa Mathare. Tunaichapisha kamili kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Wazee wetu, akina mama, ndugu na dada zetu, na nyinyi vijana ambao jambo hili linawahusu kuliko wote:

Tunawashukuru kwa kuitikia wito. Tunajua kwamba wengi wenu mmefunga vibanda mapema ili mje hapa, na kwamba siku iliyofungwa mapema ni siku ya unga kupungua nyumbani. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati kwa maneno ya kupambapamba.

Anayerudi Mashimoni, Kosovo, Bondeni au Mlango Kubwa baada ya giza kuingia hutembea na hofu mbili kifuani. Hofu ya kwanza ni ya mwizi anayemvizia kichochoroni. Hofu ya pili ni ya askari. Mama anayeamka saa tisa za usiku kwenda Gikomba au Marikiti kutafuta bidhaa huzijua hofu hizo zote mbili kwa majina. Na kijana anayetumwa dukani saa mbili za usiku huzijua vizuri zaidi, maana yeye huibiwa kama wengine, kisha akakamatwa kama mwizi.

Kwenye nembo ya polisi wetu yameandikwa maneno matatu: Utumishi kwa Wote. Hatukuja leo kuyakejeli maneno hayo. Ni maneno mema. Tumekuja kuuliza ni mambo gani hayana budi kutendeka ili neno hilo la mwisho, wote, litufikie na sisi tulio upande huu wa Barabara ya Juja.

POLISI WALIUNDWA KWA AJILI YA NANI?

Ugonjwa usiojulikana chanzo chake ni vigumu kuutibu. Jeshi la polisi la nchi hii halikuundwa ili limlinde mkazi wa mtaa kama huu. Lilianza na askari waliolinda reli na mali za wakoloni, na mwaka 1920, Kenya ilipotangazwa kuwa koloni rasmi, likaitwa Polisi wa Kenya. Kazi yake kubwa katika Nairobi ilikuwa kuhakikisha kwamba Mwafrika asiye na kipande wala mwajiri haonekani mjini.

Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji huu katika operesheni waliyoiita Anvil. Walipita mtaa kwa mtaa, wakawapanga watu mistari, wakawachambua, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini bila kuonyeshwa hakimu. Mathare yenyewe ilibomolewa katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari. Wazee walioyaona hayo kwa macho yao wamebaki wachache sana, lakini mtindo uliotumika siku ile haujazeeka. Tunauona kila msako unapofanywa: mtaa huzingirwa, vijana hupangwa mstari, vitambulisho huulizwa, kisha huchukuliwa aliye nacho na asiye nacho.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, bendera ilibadilishwa lakini sheria nyingi zilibaki kama zilivyokuwa. Chifu aliendelea kuwa mfalme mdogo. Mkutano wa hadhara uliendelea kuhitaji leseni. Mwaka 1982 Katiba ilipoongezwa kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, polisi wakawa walinzi wa chama hicho. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, wananchi waliokwenda Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka hapa, walikutana na rungu, gesi ya kutoa machozi na risasi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Hata hivyo, miaka saba baada ya Saba Saba ile ya kwanza kupita, yaani tarehe 7 Julai 1997, polisi waliwafuata wapenda mageuzi hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga mle mle.

Mwaka huo huo wa 1997 vyama vilikubaliana Bungeni, na baadhi ya sheria za kikoloni zikalegezwa au kufutwa. Leseni ya mkutano iliondolewa, na badala yake ikatosha kuwaarifu polisi. Mamlaka ya machifu yalipunguzwa. Huo ulikuwa ushindi, na walioupata waliulipia kwa damu. Lakini ni lazima tuseme kweli: mageuzi yale yaligusa jukwaa la siasa, hayakugusa kituo cha polisi. Yalimwezesha mwanasiasa kuhutubia bila leseni. Hayakumwezesha mama aliyeibiwa kwenda kituoni na kusikilizwa. Kazi hiyo ndiyo iliyobaki, na ndiyo tunayoizungumzia leo.

SHERIA NZURI TUNAYO

Baada ya uchaguzi wa 2007, watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na tume hiyo ilionyesha kwamba watu 405 miongoni mwao walikufa kwa risasi. Mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley lilitoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuwabadilisha polisi. Kisha tarehe 27 Agosti 2010 tukapata Katiba mpya, na mwaka uliofuata zikatungwa sheria tatu: ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ya Tume ya kuwaajiri na kuwaadhibu polisi, na ya Mamlaka Huru ya kuchunguza utendakazi wao, ambayo wengi wetu huiita IPOA.

Tuzitazame kwa ufupi, kwa maana haki usiyoijua ni sawa na pesa zilizofukiwa shambani kwa jirani.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama. Kifungu hicho kinasema pia kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kifungu cha 244 kinawaamuru polisi waepuke rushwa, waheshimu haki za binadamu na wajenge uhusiano mwema na jamii. Jedwali la Sita la Sheria ya Polisi linaeleza kwamba askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Kwamba bunduki itumike tu pale njia nyingine zinaposhindwa, kama katika kuokoa maisha. Kwamba kila risasi iliyofyatuliwa iripotiwe kwa mkubwa, hata kama haikumjeruhi mtu. Na kwamba risasi ikiua, IPOA iarifiwe. Sheria hiyo hiyo inamtaka askari mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana.

Hayo yote yameandikwa. Wahenga walinena kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Sasa tutazame yaliyotendwa.

DAMU ILIMWAGIKA, WIZI UKABAKI

Mtu wa Mathare hahitaji kusomewa historia hii, ila ni vyema iandikwe gazetini ili isije ikakanushwa.

Novemba 2006 magenge ya Mungiki na Taliban yalipigana hapa, na ugomvi wenyewe ulihusu ushuru uliotozwa wapika chang'aa. Maelfu ya wakazi walihama. Juni 2007, baada ya askari kuuawa, polisi waliingia mtaani kwa siku kadhaa na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja nchini na kusema wazi kwamba polisi wanaua bila kuadhibiwa. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Machi 2009, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokuwa wamekusanya habari za mauaji hayo, walipigwa risasi garini mwao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Machi 2017, jirani zetu wa Eastleigh walimwona mtu mwenye bastola na nguo za kiraia akimpiga risasi kijana ambaye tayari alikuwa ameshikwa, mchana, mbele ya umati, na picha zikaenea nchi nzima. Mwaka huo huo, Kituo cha Haki cha Mathare, kinachojulikana kwa jina la Mathare Social Justice Centre, kilitoa ripoti ya mauaji hayo ambayo jina lake lilikuwa swali: nani atakayefuata? Jibu halikukawia. Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, mtoto wa kike wa miaka 9 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba huko Mathare North. Machi 2020, siku chache baada ya amri ya kutotoka nje usiku kuanza, mtoto wa kiume wa miaka 13 alipigwa risasi kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko. Watoto hawa wawili hawakuwa wahalifu wala washukiwa. Walikuwa nyumbani.

Vikosi maalumu vimeundwa na kuvunjwa. Kikosi cha Kwekwe kilikuja na kikaondoka. Kikosi cha Huduma Maalumu katika idara ya upelelezi kilivunjwa Oktoba 2022. Lakini kuvunja kikosi si kuvunja mtindo. Kwa mwaka 2024 pekee, muungano wa mashirika uitwao Missing Voices ulihesabu vifo 104 vilivyosababishwa na polisi na watu 55 waliotoweshwa.

Basi tunauliza swali ambalo mlipa kodi yeyote ana haki ya kuliuliza: baada ya risasi zote hizi, wizi umekwisha? Simu hazinyakuliwi tena Barabara ya Juja? Mwenye kibanda halipi tena ushuru wa genge? Nyinyi mnaishi hapa, nanyi mnalo jibu.

KWA NINI KUUA HAKUPUNGUZI UHALIFU

Sababu zipo nne, na zote zinaeleweka bila kusomea sheria.

Kwanza, maiti haitoi habari. Kijana anayenyakua simu si mwanzo wala mwisho wa wizi huo. Yuko anayemkodishia bastola. Yuko anayeinunua simu na kuifuta kumbukumbu zake. Yuko anayeiuza mjini kama mali safi. Kijana akifikishwa mahakamani, huenda akawataja. Akiuawa, wakubwa wake hulala usingizi, na kesho yake bastola ile ile hukabidhiwa kijana mwingine.

Pili, mauaji humfunga mdomo jirani. Hakuna mpelelezi duniani anayegundua wizi kwa kuota. Huambiwa na watu. Sasa mfikirie mama anayemjua kijana aliyemvunjia mlango. Ni mtoto wa jirani yake. Pengine walimzika babaye pamoja. Kama angejua kwamba kulitaja jina lake kutampeleka kijana yule mbele ya hakimu, angelitaja. Lakini anaamini kwamba kulitaja ni kumpeleka kaburini, kwa hiyo hunyamaza. Askari anayeua hujipofusha mwenyewe, kisha hulalamika kwamba wakazi wa Mathare wanawaficha wahalifu.

Tatu, mauaji humwondolea kijana sababu ya kuacha. Tumewasikia vijana wakisema kwamba jina likishaingia katika orodha halitoki tena, hata mwenyewe akiokoka, akioa au akianza kuosha magari. Mtu anayeamini kwamba atauawa akiacha wizi na atauawa asipoacha, kwa nini aache?

Nne, mauaji huua ufundi wa upelelezi. Kesi hujengwa kwa alama za vidole, kwa mashahidi, kwa kumbukumbu za simu, kwa subira. Ofisi iliyozoea njia ya mkato huusahau ufundi huo. Siku inapokuja kesi ambayo hakuna wa kumpiga risasi, kama ya mtoto aliyenajisiwa au ya mhasibu aliyekula fedha za basari, ofisi hiyo haijui pa kuanzia.

TUNAWAJIBU WANAOSEMA MWIZI AFE

Tunajua kwamba wamo humu ndani watu wasiokubaliana nasi. Yuko aliyechomwa kisu kwa ajili ya shilingi mia mbili. Yuko aliyepoteza mwana, mfanyakazi hodari, mikononi mwa majambazi. Mtu huyo akisema kwamba mwizi afe, hatumwoni kuwa katili. Anaongea kutokana na uchungu, na uchungu wake ni wa haki.

Kwake tunasema haya. Wewe uliomba ulinzi, ukapewa kisasi. Tena kisasi hicho hukuchagua wewe kitamwangukia nani. Anayepewa ruhusa ya kumuua mwizi bila kesi amepewa pia ruhusa ya kuamua nani ni mwizi, na mwanao hana alama usoni inayoonyesha kwamba yeye ni fundi wa kuchomelea na si jambazi. Wale watoto wa roshani hawakuwa nayo. Na huo moto tunaouwasha sisi wenyewe, wa kumvisha mtu tairi shingoni kwa sababu mtu mmoja amepiga kelele ya mwizi, ni hukumu ile ile isiyo na hakimu. Hatuwezi kuwadai polisi sheria huku sisi wenyewe tukishika kiberiti.

KITUO NI MAHALI PA HAKI AU NI DUKA?

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura lakini kubwa kwa madhara, nalo ni kitu kidogo. Sisi wenyewe tuliwahi kumsindikiza jirani aliyeibiwa hadi kituo kimoja ambacho hatutakitaja. Aliambiwa gari halina mafuta. Alipotoa pesa za mafuta, aliambiwa arudi kesho kwa kuwa afisa anayehusika hayupo. Kesho yake aliona ni nafuu kununua kufuli kubwa zaidi. Tangu siku hiyo hajaripoti tena jambo lolote, na katika vitabu vya serikali mtaa wake unaonekana kuwa salama.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni msako. Vijana kumi hukamatwa Ijumaa jioni, kisha familia hukimbia huku na huku kutafuta pesa kabla ya Jumatatu. Mpika chang'aa hukamatwa kila juma na kuachiliwa kila juma. Polisi wanaovuna kwa njia hii hawana haja ya kupunguza uhalifu. Uhalifu ukiisha, mavuno yamekwisha. Mjue basi na mkariri: dhamana ya polisi ni bure. Fomu ya P3 ni bure. Kuandikiwa taarifa katika kitabu cha matukio ni bure, na ni haki yako kupewa nambari yake.

Wala tusimsahau askari mwenyewe. Konstebo mwingi ni mtoto wa mlalahoi kama sisi. Wako walioishi na familia zao katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na familia nyingine. Huona maiti na damu, kisha haulizwi usingizi wake ukoje. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023, lilipendekeza mishahara na hali ya kazi ya askari iboreshwe. Tunaunga mkono. Askari mwenye njaa ni hatari kwa anayemlinda. Lakini nyongeza ya mshahara bila uwajibikaji ni kumnunulia mbwa mkali mnyororo wa dhahabu, bado atakuuma.

WENGINE WALIFANYA NINI?

Wasije wakatuambia kwamba tunaota ndoto. Mji wa Glasgow, huko Scotland, ulikuwa na sifa mbaya barani Ulaya kwa vijana wa mitaa ya maskini kuuana kwa visu. Mwaka 2005 polisi wa huko, si watu wa haki bali polisi wenyewe, walikiri kwamba kukamata peke yake kumeshindwa. Wakaunda ofisi ya kupunguza mauaji, wakayatazama mauaji kama daktari anavyotazama maradhi ya kuambukiza: yanaanzia wapi, yanaenea kwa nani, yanakatwa wapi. Wakawaita madaktari, walimu na wazazi. Kuanzia 2008 waliwaalika vijana wa magenge mahakamani, wakawaambia mbele ya akina mama waliofiwa: mkiacha, tutawatafutia mafunzo na kazi, msipoacha, sheria itawafuata genge zima. Katika miaka kumi iliyofuata 2005, mauaji katika Scotland yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Mathare si Glasgow. Wao wana shule, hospitali na msaada wa serikali ambao sisi hatuna. Lakini kiini cha dawa yao hakikuwa fedha. Kilikuwa ahadi mbili zilizotimizwa pamoja: kwamba anayeacha atasaidiwa, na kwamba asiyeacha atakamatwa akiwa hai. Hapa kwetu ahadi hizo zote mbili hazijawahi kutolewa.

Sisi tulipewa Nyumba Kumi mwaka 2013. Jina liliazimwa kutoka Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walikuwa ngazi ya chini ya chama tangu miaka ya 1960. Wazo la majirani kujuana ni jema. Lakini katika vijiji vyetu lilieleweka kuwa njia ya habari kwenda juu tu: mkazi apeleke majina, asirudishiwe jibu. Ushirikiano wa namna hiyo huwafanya watu wamshuku jirani yao badala ya kumwamini askari.

MATAKWA YETU

Kwa hiyo tunatamka matakwa yetu sita. Sehemu kubwa ya matakwa haya haihitaji sheria mpya, yanahitaji sheria iliyopo itiiwe.

La kwanza: hakuna askari atakayeingia Mathare kukamata watu bila kujulikana. Mwenye sare avae jina au nambari. Mwenye nguo za kiraia ajitambulishe, na gari lake liwe na nambari za kweli.

La pili: kila aliyekamatwa aandikwe papo hapo, familia yake ijulishwe, na muda wa saa 24 uheshimiwe. Kila mwezi mkuu wa kituo abandike ubaoni idadi ya waliokamatwa, kwa kosa gani, na wangapi walifikishwa mahakamani. Msako wa kuvuna hongo hautaweza kuvumilia ubao huo.

La tatu: kila kifo kilichosababishwa na risasi ya polisi kichunguzwe na asiyekuwa polisi. Sheria ya kuunda huduma ya uchunguzi wa vifo ilipitishwa mwaka 2017, kisha miaka ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi yake. IPOA nayo ipewe wapelelezi wa kutosha, na mashahidi wake walindwe. Inawezekana: Februari 2016, kwa uchunguzi wa IPOA, maafisa wawili walifungwa kwa kumuua msichana wa miaka 14 huko Kwale. Na Februari 2023 maafisa wa polisi walihukumiwa kwa mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao. Kesi moja yenye hukumu hufundisha askari kuliko semina mia.

La nne: kifungu cha 41 cha Sheria ya Polisi ya 2011 kinaagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi, mwenyekiti wake akiwa gavana au mjumbe wake, pamoja na madiwani na wakazi wanaowakilisha wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na dini. Tunataka chombo hicho kikae hadharani, hapa Mathare, angalau mara moja kila robo ya mwaka, wakuu wa vituo wakijibu maswali ya wakazi. Mji unaolipa kodi lazima uwe na sauti juu ya namna unavyolindwa.

La tano: wapelelezi wafuate mali na bunduki, wasifuate nyuso na nywele. Wanunuzi wa simu za wizi na wakodishaji wa silaha wajulikane na washtakiwe. Na kila kituo kiwe na chumba cha faragha ambamo mwanamke aliyebakwa au kupigwa atasikilizwa na askari mwenye mafunzo, bila kuulizwa alikuwa amevaa nini.

La sita: kijana anayetaka kuacha apewe mlango wa kutokea. Wazee, viongozi wa dini, kaunti na polisi wakubaliane hadharani kwamba anayesalimisha silaha atapelekwa mahakamani akiwa salama, na akimaliza adhabu yake atafutiwe ufundi. Pamoja na hayo kaunti iwashe taa. Ile minara ya taa tuliyoipa jina la mulika mwizi ilionyesha kwamba mwizi huchukia mwanga. Taa iliyozimika miezi sita ni ulinzi uliozimika miezi sita.

WAJIBU WETU SISI

Tumewadai polisi na serikali. Sasa tujidai na sisi wenyewe.

Tusinunue mali ya wizi. Simu ya shilingi elfu moja inayouzwa kichochoroni ilitoka mfukoni mwa mtu, pengine mwenye damu. Tusimchome mtu. Mzazi asimfiche mwanawe mwenye bastola. Amlete mbele ya watu, na sisi tumsindikize kituoni kwa wingi wetu, tukae hapo hadi jina lake liandikwe, ili afike kwa hakimu akiwa hai. Vijana wasikubali kukodishwa na wanasiasa msimu wa uchaguzi, maana anayekupa rungu leo hatakuja kukuwekea dhamana kesho.

Na kila anayeonewa aandike. Andika tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, nambari ya askari. Akina mama waliofiwa wamekuwa walimu wetu katika jambo hili. Walianza wakilia kila mmoja peke yake chumbani mwake. Baadaye wakakutana, wakaandika, wakaenda mahakamani pamoja. Waliozoea kutenda gizani hawakuwa wametarajia daftari la mama.

Wananchi wenzetu, miaka ya 1990 tuliambiwa kwamba vyama vingi vitaleta vita na kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa Katiba. Tulikataa kuamini hayo, na tulikuwa sahihi. Leo tunaambiwa kwamba mtaa kama Mathare hauwezi kulindwa ila kwa bunduki. Hilo nalo tunalikataa. Tunataka mwizi akamatwe. Tunataka akamatwe akiwa hai, ashtakiwe kwa ushahidi, na aliyemtuma akamatwe pamoja naye. Tunataka mama wa saa tisa za usiku akimwona askari Barabara ya Juja atembee upande alipo askari, wala asivuke barabara kumkwepa.

Siku atakapofanya hivyo bila kufikiri mara mbili, tutajua kwamba Mathare imehesabiwa miongoni mwa wote. Hadi siku hiyo, tutaendelea kukutana, kuandika na kudai.